UZI: Watoto wa wahamiaji na Walatino katika shule za serikali Marekani. Tuwashike mkono vipi, na kwa nini sisi Waswahili linatuhusu

#1 BintiKasulu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu miaka mingi. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limetokea kazini na limenikaa rohoni, nikaona nisiliache lipite.

Mimi ni msaidizi wa darasa kwenye sekondari ya serikali, jimbo la Iowa, mji mdogo wenye kiwanda cha nyama. Kabla ya kuja huku nilifundisha shule ya msingi Kasulu. Nimeajiriwa kukaa na watoto wa Kikongo wanaoongea Kiswahili, lakini darasa la ESL, yaani la wanaojifunza Kiingereza, halichagui: kwenye meza yangu moja wanakaa Wakongo wawili, msichana wa Honduras na wavulana watatu wa Guatemala. Watoto wa nchi za Kihispania ndio wengi, na ndio nataka tuwaongelee.

Mmoja wa wale wavulana, miaka kumi na tano, alikuwa analala darasani na harudishi kazi yoyote. Shule ikamwita mama yake, akaletwa mkalimani wa Kihispania. Mama akakaa, mkoba kwenye mapaja, ameushika kwa mikono miwili. Kila anachoambiwa anajibu "sí, sí". Mwalimu akaandika kwenye faili: mzazi ameelewa. Mimi nilikuwa pembeni namwangalia usoni. Yale macho nayajua. Nimeyaona Kasulu kwa bibi wa Kiha aliyeitwa ofisini na bwana anayemwaga Kiswahili cha Dar. Bibi anaitikia "ndiyo baba, ndiyo baba" kwa heshima, na hakuna alichoambulia.

Kikao kilipoisha nikamuuliza kijana, kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga, nyumbani mnaongea nini? Akainamisha kichwa, akajibu kwa sauti ya mtu anayekiri kosa: Mam.

Mam ni lugha ya Kimaya ya nyanda za juu magharibi mwa Guatemala, kule Huehuetenango na San Marcos. Haina undugu na Kihispania kama Kiha kisivyo na undugu na Kiingereza. Shule ilikuwa imemwandika "Kihispania" tangu siku aliyoandikishwa. Miezi saba mtoto anatafsiriwa kila kitu kwa lugha ambayo ni ya pili kwake, na mama yake haijui kabisa, na sisi watu wazima tulioajiriwa kumsaidia tumeridhika.

Naomba tujadili kwa uzito. Wenye watoto shuleni huku, walimu, mnaojua sheria, karibuni.

#2 Mtazamaji255

Nafuatilia. Hilo la "sí, sí" limenigusa.

#3 KijanaMbagala

Dada naomba unifungue macho, mimi niko Dar sijawahi kufika huko. Hawa "Hispanic" ni kabila, ni rangi au ni nchi? Maana naona wengine weupe, wengine weusi kama sisi.

#4 BintiKasulu

Swali zuri mdogo wangu. Si rangi wala si nchi moja. Serikali ya huku inawahesabu hivyo watu wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba, Amerika ya Kati na ya Kusini inakozungumzwa Kihispania, na Hispania yenyewe. Ndiyo maana yumo Mdominika mweusi, yumo Mmaya kama huyu wa kwangu, yumo mzungu wa Argentina. Mbrazili anaongea Kireno, kwa hiyo kwa hesabu yao hayumo, ingawa watu wengi humwita Mlatino. Walio wengi ni raia waliozaliwa hapahapa. Mtu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani tangu 1917, hata akija hajui neno la Kiingereza.

Shule za serikali za Marekani zina wanafunzi karibu milioni 49, na takriban asilimia 28 au 29 ni hawa. Kila watoto kumi, watatu kasoro kidogo. Wanaotambuliwa kwamba bado wanajifunza Kiingereza, wa lugha zote, ni zaidi ya milioni 5, na katika kila wanne watatu wanatoka nyumba ya Kihispania. Sisi Waswahili tumo kwenye ile robo iliyobaki. Kwa hiyo chochote kinachopangwa kwa ajili yao, na sisi tunakula humohumo.

#5 MzeeWaHoja

BintiKasulu naheshimu kazi yako, ila nitasema ninachokiona. Mimi nilimaliza darasa la saba kwa Kiswahili kitupu, Januari nikaingia Form One, kila somo Kiingereza. Hakuna mkalimani, hakuna msaidizi. Tukakomaa, leo niko hapa. Hawa kwa nini wabembelezwe? Tena wengine wazazi wao hawana vibali. Mwenye nyumba anailipa serikali kodi ya jengo, shule inaendeshwa kwa hiyo kodi, halafu mgeni anaingia bure. Nielewesheni.

#6 BintiKasulu

Mzee wangu, shikamoo. Nakujibu kwa heshima, maana hapo umegusa nilipopita mwenyewe.

Na mimi niliingia Form One hivyohivyo. Wewe ulikomaa, nami nilikomaa. Lakini hebu rudi kwenye lile darasa lako, angalia madawati ya nyuma. Walikuwepo wangapi waliokaa kimya miaka minne, wananakili ubaoni herufi kwa herufi bila kujua wanachoandika? Darasani kwangu tulikuwa na msichana aliyekuwa wa kwanza kwa hesabu shule nzima ya msingi. Form Two akapata sifuri ya baiolojia, maana swali lenyewe hakulielewa. Akaacha, akaolewa. Nikimuona yule mvulana wa Guatemala nyuma ya darasa, namuona yule msichana. Kukomaa kwetu mimi na wewe hakuthibitishi kwamba njia ile ilikuwa nzuri. Kunathibitisha tu kwamba sisi tulipona.

Hilo la vibali namwachia mwenye sheria, nimemuona anapita humu.

#7 WakiliPembeni

Nipo dada. Mzee wa Hoja, hoja yako iliwahi kufika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa hiyo si ya kudharau.

Mwaka 1975 bunge la jimbo la Texas lilipitisha sheria ya kuzinyima shule fedha za watoto wasio na vibali na kuziruhusu ziwakatae. Mji wa Tyler ukaanza kuwatoza dola 1,000 kwa mwaka kila mtoto. Baba anafanya kibarua, ana watoto wanne, zitoke wapi? Familia chache za Kimeksiko zikaenda mahakamani zikijua kabisa zinaweza kukamatwa humohumo. Jaji akapanga kikao alfajiri ili wasionekane na watu, na familia moja ilifika na gari limesheheni vitu vyao vyote, kwamba wakifukuzwa nchini waondoke moja kwa moja.

Kesi ikapanda ngazi kwa jina la Plyler v. Doe, na tarehe 15 Juni 1982 majaji watano dhidi ya wanne wakaamua: hakuna mtoto anayezuiwa shule ya serikali, ya msingi wala sekondari, kwa sababu ya vibali. Jaji William Brennan ndiye aliyeandika hukumu. Mtoto hakuchagua kuvuka mpaka, na ukimnyima elimu unajitengenezea ndani ya nchi yako tabaka la watu wasiojua kusoma, ambao watabaki kuwa mzigo. Na kuhusu kodi, Mzee, mpangaji anailipa ndani ya pango. Mwenye nyumba haitoi mfukoni mwake.

Nyuma ya hapo kuna kisa ambacho watu wetu wengi hawajakisikia. Miaka ya 1940, Westminster, kusini mwa California, watoto wa Kimeksiko walitengewa shule yao mbovu. Gonzalo Mendez na mkewe Felicitas, yeye Mmeksiko, mkewe wa Puerto Rico, walikuwa wamekodi shamba la familia ya Kijapani iliyokuwa imefungwa kambini wakati wa vita. Shangazi akawapeleka watoto kuandikishwa shule ya karibu, wake pamoja na wa kaka yake. Wa kwake walikuwa weupe kidogo na jina lao la ukoo lina sauti ya Kifaransa, wakakubaliwa. Wa Mendez wakakataliwa. Watoto wa nyumba moja! Shangazi akawachukua wote akarudi nao. Gonzalo akashtaki, akashinda 1946, rufaa ikathibitisha 1947, na mwaka huohuo gavana Earl Warren akasaini sheria ya kufuta ubaguzi uliokuwa umebaki kwenye sheria za shule za California. Miaka saba baadaye Warren huyohuyo, sasa Jaji Mkuu, akaandika hukumu ya Brown iliyoharamisha kuwatenga watoto weusi shuleni nchi nzima.

Hawa majirani zenu mnaokaa nao kiwandani, wazee wao ndio waliofungua mlango ambao watoto wenu wanaingilia.

#8 MzeeWaHoja

Nimesoma mara mbili. Lile la shangazi sikulijua. Endeleeni, nasikiliza.

#9 MwalimuHesabuTX

Habari zenu. Mimi ni Mkenya, nafundisha hesabu Texas, darasa la sita na la saba, na wanafunzi wangu zaidi ya nusu ni Walatino.

Nataka kuongeza jambo moja ambalo nililigundua kwa kuona aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilimsahihisha msichana aliyetoka Meksiko. Swali: 856 gawanya kwa 4. Jibu lake sahihi, 214. Lakini chini ya alama ya kugawanya hakuandika hatua za kutoa kama tunavyofundisha hapa, kila mstari na alama yake ya kutoa. Alikuwa na tarakimu mbili tatu tu zinazoning'inia. Nikamkata alama, nikaandika "onyesha kazi". Wiki iliyofuata vilevile. Nikadhani anaibia.

Siku moja nikamwita ubaoni. Akafanya taratibu, midomo inacheza, anahesabu kwa Kihispania. Kumbe kwao wanafundishwa kutoa kichwani, unaandika salio peke yake. Kazi yote aliionyesha, mimi ndiye sikujua kuisoma. Baada ya hapo nikampata kijana wa Kikongo, yeye anaandika kigawanyo upande wa kulia na jibu chini yake, kwa mtindo wa Kifaransa. Sasa kila Agosti wiki ya kwanza nawaambia wote: nionyesheni mnavyogawanya kwenu. Tunajaza ubao mzima. Watoto ambao hawajafungua mdomo tangu waje ndio wanaosimama kufundisha.

Na sisi Wakenya tusisahau ile disk tuliyokuwa tunavalishwa shingoni ukishikwa unaongea lugha ya mama. Watoto wa Kimeksiko huku Texas walikuwa wanachapwa kwa kuongea Kihispania uwanjani. Machi 1968 wanafunzi maelfu wa East Los Angeles walitoka madarasani wakagoma, na moja ya madai yao ilikuwa hiyo, waache kuadhibiwa kwa lugha yao. Januari ya mwaka huohuo ilikuwa imesainiwa sheria ya kwanza ya serikali kuu ya elimu ya lugha mbili, iliyoletwa na seneta wa hapahapa Texas, Ralph Yarborough.

#10 MamaFizi

Jambo wandugu. Miye ni mama wa batoto bane, natokea Fizi ku Congo, nilikaa mu kambi ya Nyarugusu miaka kumi na saba. Tulifika Amerika 2016, kwanza Kentucky. Mwaka jana mwezi wa nane tukahamia Iowa, bwana yangu anatumika ku kiwanda cha nyama.

Dada BintiKasulu, miye niliandika "English" kwa ile karatasi ya luga, ile shule inauliza munaongea nini ku nyumba. Niliogopa. Jirani aliniambia kama unaandika Swahili, mutoto wanamutia mu kalasi ya bajinga, na hatatoka. Sasa mukubwa iko grade ya nane, anaongea Kiingereza muzuri na barafiki, lakini kitabu cha histoire hakisikii. Anarudi nyumbani na kulia. Ile karatasi inaweza geuzwa?

#11 BintiKasulu

Mama Fizi, pole sana mama, na asante kwa kusema wazi. Wako wengi waliofanya ulivyofanya, na Walatino wanafanya hivyohivyo kwa hofu ileile. Nakujibu kwa kirefu na wengine wasome.

Karatasi inageuzwa. Nenda shuleni, au andika barua fupi ya mkono, hata kwa Kiswahili, useme: lugha ya nyumbani ni Kiswahili, naomba mtoto wangu apimwe Kiingereza. Weka tarehe, piga picha kwa simu kabla hujaitoa. Wakimpima na kuonekana anahitaji, lazima wakuandikie kukuarifu: ndani ya siku 30 shule zinapofunguliwa, au wiki mbili kama ni katikati ya mwaka. Barua hiyo unatakiwa uipate kwa lugha unayoielewa, inapowezekana. Hutaki huduma, unaruhusiwa kukataa, na ukibadili mawazo unarudi. Kwa hiyo hakuna kifungo.

Darasa la wajinga halipo. Liko jambo la kweli nyuma ya maneno ya jirani yako, nisikudanganye: kuna watoto, wengi wao Walatino waliozaliwa hapahapa, wanaokaa kwenye kundi la wanaojifunza Kiingereza miaka sita, saba, kila mwaka wanafanya mtihani ule wa lugha na hawafikii alama, na huku wamenyimwa masomo ya juu ya sayansi. Hiyo ni aibu ya shule. Dawa yake ni mzazi kuuliza kila mwaka maswali mawili: mtoto wangu amebakiza nini ili atoke? Na masomo gani anakosa akiwa humo? Ukiuliza hivyo wanajua unafuatilia.

Alivyo mtoto wako ndivyo walivyo wengi. Kiingereza cha kucheza na marafiki kinakuja haraka, mwaka mmoja, miwili. Kiingereza cha kitabu cha historia kinachukua miaka mitano hata saba. Walimu wengi wanasikia mtoto anavyochapa maneno kwenye korido wanadhani amemaliza.

Halafu mama, umesema mmehama Kentucky mwaka jana na mume anafanya kazi kiwanda cha nyama? Hebu ngoja, hilo nalo lina mlango wake. Kuna programu ya serikali kuu ya elimu ya watoto wa wafanyakazi wa kuhamahama, ilianza 1966 kwa ajili ya familia zinazofuata mavuno, na wengi wao walikuwa Wameksiko. Inamhusu mtoto wa miaka 3 mpaka 21 ambaye ndani ya miezi 36 iliyopita amehama wilaya moja ya shule kwenda nyingine kwa sababu mzazi, au kijana mwenyewe, amefuata kazi ya msimu au ya muda ya kilimo au uvuvi. Kilimo hapo kinajumlisha usindikaji wa mwanzo wa mifugo na kuku, kwa hiyo viwanda vya nyama vimo, pale ambapo kazi inahesabika kuwa ya muda kwa sababu watu hawakai. Kutoka kambini kuletwa Kentucky hakuhesabiki. Kutoka Kentucky kuja Iowa kutafuta kazi ya kiwanda kunaweza kuhesabika. Uliza shuleni nani anashughulika na "Migrant Education", wana watu wanaokuja hadi nyumbani kukuhoji. Mtoto akikubaliwa anapata chakula cha shule bure moja kwa moja, na masomo ya ziada hata kiangazi.

Na kijana aliyekuja peke yake kufanya kazi, hayuko shule kabisa, naye anahesabika. Hao wa Guatemala wako wengi hivyo.

#12 ShemejiMichigan

Hapo kwenye kuhamahama naomba niingie, maana ni historia ya mke wangu.

Mke wangu ni Mmeksiko wa bonde la Rio Grande, Texas. Yeye na wazazi walikuwa wanaondoka Aprili, kabla shule hazijafungwa. Mei wanachuma asparaga hapa Michigan, Julai cheri, Septemba na Oktoba tufaha, halafu wanarudi Texas Novemba. Kila mwaka anaanza shule mbili na hamalizi hata moja. Anasema kilichomuumiza zaidi hakikuwa jua. Alisoma aljebra mwanzo wake mara tatu. Mara tatu! Kila shule inamwambia karatasi zako hazijafika, anza upya. Akifika nusu, gari linapakiwa.

Na karatasi zenyewe kumbe zilikuwepo. Wao wana majina mawili ya ukoo, la baba kisha la mama. Chukua mfano tu, García López. Shule ya Texas imeandika García López, ya Michigan imeandika López, García wakaifanya jina la kati. Kompyuta inaona wasichana wawili, kila mmoja nusu mwaka wa masomo. Siku hizi kuna mfumo wa kitaifa wa rekodi za watoto hawa, unaitwa MSIX, shule ya huku inaona alichosoma kule. Lakini mfumo unaona kile ulichoandika. Jina likikosewa mlangoni, mtoto anapotea na mashine ikiwepo.

Wakongo nanyi kuweni macho, maana kwenu baba na mtoto wanaweza wasishee jina hata moja. Andikeni jina vilevile kila shule, kwa mpangilio uleule, na msiondoke mji wowote bila nakala ya matokeo mkononi, hata kama muhula haujaisha. Mama mkwe wangu aliweka zote kwenye bati la biskuti. Lile bati ndilo lililomwingiza binti yake chuo, kupitia programu ya CAMP, inayobeba watoto wa vibarua wa mashambani mwaka wa kwanza wa chuo. Ipo tangu 1972.

#13 Mtazamaji255

Swali langu ni la hofu. Tangu mwaka 2025 tunasikia mambo mengi. Kupeleka mtoto shule bado ni salama? Jirani yangu wa Honduras alimfungia binti nyumbani wiki mbili.

#14 WakiliPembeni

Nitasema lililobadilika na ambalo halijabadilika.

Januari 2025 serikali kuu ilifuta mwongozo wa zamani uliowazuia maofisa wa uhamiaji kufanya kazi yao shuleni, makanisani na hospitalini isipokuwa kwa sababu maalumu. Julai 2025 ilizuia zaidi ya dola bilioni 6 za shule, zikiwemo za watoto wa kuhamahama na za kufundishia Kiingereza, ikaziachia mwishoni mwa mwezi huo baada ya kelele za majimbo. Na pendekezo lake la bajeti ya 2026 lilikuwa kuzifuta hizo mbili kabisa. Shule nyingi zilikaa karibu Julai yote hazijui zitamlipa nani.

Hukumu ya 1982 iko palepale. Shule inaweza kukuomba ushahidi kwamba unakaa eneo lake, umri wa mtoto, na chanjo. Haitakiwi kumkataa mtoto kwa kukosa namba ya hifadhi ya jamii wala kukuuliza kibali chako. Familia isiyo na makazi ya kudumu, hata inayojibana kwa ndugu baada ya kupoteza nyumba, mtoto anaandikishwa siku hiyohiyo, karatasi zinafuata. Kumbukumbu za mtoto zinalindwa na sheria tangu 1974, ila kuna tundu: jina, anwani na simu vinaweza kuwekwa kwenye kundi la taarifa za kawaida ambazo shule inaruhusiwa kuzitoa, mpaka mzazi aandike kwamba hataki. Fomu hiyo huwa kwenye ule mrundo wa Agosti ambao watu wanasaini bila kusoma. Isome. Wilaya nyingi pia zimewaelekeza watumishi wao wasimruhusu ofisa kuingia ndani bila hati iliyosainiwa na jaji. Waulize ya kwenu inasemaje.

Na andikeni watu watatu wa dharura wanaoweza kumchukua mtoto, si mmoja. Tarehe 12 Mei 2008 huko Postville, Iowa, watu 389 walikamatwa kwa siku moja kwenye kiwanda cha nyama, wengi wao Waguatemala. Kulikuwa na watoto waliokuwa shuleni asubuhi ile wakati wazazi wanachukuliwa.

#15 BintiKasulu

Postville ninaijua, tuna mwalimu aliyekuwa anafundisha maeneo yale. Anasema siku iliyofuata viti vilikuwa vitupu, na waliokuja walikuwa wanatazama mlango.

#16 KijanaMbagala

Dada hukutumalizia. Yule kijana wa Mam iliishaje?

#17 BintiKasulu

Haijaisha, ila nitasema ilipofikia.

Ilinichukua siku tisa kuwashawishi ofisini. Jibu la kwanza lilikuwa: tumeshampa mkalimani. Nikawaambia mmempa mkalimani wa jirani yake. Mwishowe wakakubali kulipia mkalimani wa Mam kwa simu, maana kampuni za ukalimani wa simu wanaye, ni kuomba tu mapema.

Mama akaja tena, mkoba uleule mapajani. Simu ikawekwa mezani, sauti ya mwanamke ikasalimia. Yule mama alishtuka, akainama karibu na simu kama mtu anayechungulia kisimani. Kisha akaongea. Dakika ishirini, hakuna aliyemkatiza. Mkoba akauweka chini.

Kumbe mtoto alisoma miaka mitatu tu. Shule ya kijiji chao iliishia hapo kwa uwezo wao, akaingia shambani kwa kahawa. Sisi tulimweka darasa la tisa kwa sababu ya umri, na tukashangaa hafanyi kazi za aljebra. Tulikuwa tunasema Kiingereza kinamsumbua. Hajui kugawanya, Mwalimu wa Texas, kwa mtindo wa nchi yoyote ile, kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Na usingizi ule ni kwamba mama yuko zamu ya usiku na yeye ndiye anayelala na mdogo wake wa miezi kumi.

Sasa saa ya kwanza ya asubuhi anakuja kwangu badala ya kukaa kwenye baiolojia. Tumeanza na kuzidisha. Namwachia ahesabu kwa Mam, mimi nahesabu kwa Kiswahili, tunakutana kwenye jibu. Jana alifika kuzidisha kwa saba bila kuangalia jedwali. Shule bado haijabadilisha jina la lugha kwenye kompyuta, wanasema Mam haimo kwenye orodha yao ya kuchagua. Nimeandika barua wilayani, nasubiri.

#18 MwalimuHesabuTX

Kwenye mfumo wetu kuna sehemu ya "lugha nyingine" ambapo unaandika mwenyewe. Waambie watafute chini kabisa ya orodha. Kwetu iliwahi kufichika hivyohivyo na K'iche', lugha nyingine ya Kimaya.

#19 BintiKasulu

Mungu akubariki mwalimu. Jumatatu asubuhi nitakuwa kwenye dawati la yule karani kabla hajavua koti.

#20 MamaFizi

Wandugu, narudi. Nilienda leo na barua, niliandika mu Swahili kama dada alisema, na picha niko nayo. Mwalimu alisema watamupima mutoto siku ya ine. Na ule muntu wa Migrant alinipigia simu, anakuja ku nyumba juma ya kesho, anasema nimuonyeshe siku tulitoka Kentucky. Miye niko na karatasi ya kukodisha lori. Ile inatosha, ao nitafute ingine?

#21 BintiKasulu

Hiyo mama ni nzuri sana, iweke. Ongeza na karatasi ya kwanza ya mshahara wa mumeo hapo kiwandani, yenye tarehe. Akija mwambie aongee na wewe mwenyewe kwa mkalimani wa Kiswahili. Asimtumie mtoto wako kutafsiri.